Picha za safari za enzi za mkanda: kwa nini zinageuka rangi, na pa kuanzia kuziokoa

Picha tatu za safari moja ya miaka ya 1970 zinaweza kuzeeka kwa namna tatu. Iliyotundikwa sebuleni imepauka, na nyuso za watu zimeingia ukijani. Iliyokaa albamuni, gizani, imekuwa nyekundu yote, mbingu na bahari. Ya tatu ni nyeusi na nyeupe, imetoka kwenye kamera nyingine, na ukiiinamisha dirishani sehemu zake za giza zinametameta kwa buluu ya kifedha. Wengi huziita zote "picha zilizochakaa", wakazichomoa kwenye albamu na kuzipeleka stashonari zikaskaniwe. Kuskani ni hatua ya karibu na mwisho. Ukianzia hapo, unapoteza mpangilio wa albamu, maandishi ya nyuma, na mara nyingine ngozi yenyewe ya picha.

Kinachotokea ndani ya karatasi

Picha ya rangi ni tabaka tatu nyembamba za gelatini, kila moja na rangi yake: njano, majenta, na sayani ambayo ni buluu inayoelekea kijani. Fedha iliyokuwa kwenye karatasi huondolewa yote wakati wa kusafisha picha, zikabaki rangi peke yake, na rangi hizo hazifi pamoja. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970, sayani ndiyo dhaifu gizani. Joto na unyevu vinaimaliza hata kama picha haijawahi kuona jua. Ikipungua, zinabaki majenta na njano, na hizo mbili zikikaa pamoja jicho huona nyekundu. Mwanga nao una mpangilio wake: katika karatasi za wakati huo, majenta mara nyingi ndiyo hutangulia kuondoka, na ndiyo maana picha ya ukutani huelekea kijani.

Joto ndilo linaloamua kasi. Kwa makadirio wanayotumia wahifadhi, joto likishuka kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, kasi ya kupauka gizani hupungua karibu nusu. Hivyo picha iliyokaa miaka 40 kwenye begi darini, chini ya bati, haina umri sawa na pacha wake aliyekaa kabati la chumba cha chini, hata kama zilisafishwa siku moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji waliboresha rangi hizo. Konica walitangaza mwaka 1984 karatasi waliyosema picha zake zingedumu miaka 100, na wengine wakafuata. Picha za rangi za miaka ya 1990 zilizokaa ndani ya boksi la viatu kwa kawaida bado ni nzima.

Nyeusi na nyeupe ni habari nyingine kabisa. Pale picha ni punje za fedha halisi, na adui yake ni hewa chafu: mvuke wa rangi mpya ya ukuta, plaiwudi, boksi la karatasi hafifu, moshi wa magari. Fedha huyeyuka kidogo, husogea hadi juu ya gelatini na kugeuka tena kuwa metali. Hapo ndipo mng'ao unapotoka. Usiusugue, kwa sababu mng'ao huo ni sehemu ya picha. Madoa ya njano na kahawia ni ugonjwa tofauti: dawa ya kukazia picha haikuoshwa vya kutosha kwa maji siku ile iliposafishwa, na imebaki ndani ya karatasi ikifanya kazi yake polepole.

Kwa hiyo foleni ya kazi imeshajipanga. Picha za rangi za kabla ya takriban 1985 ndizo za haraka, kwa sababu zinaendelea kupoteza hata zikiwa zimefungiwa. Za fedha zilizosafishwa vizuri zinaweza kusubiri mwaka mzima bila hasara, mradi ziwe pakavu.

Kabla ya kuchomoa chochote

Ipe albamu namba. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu, mzima, pamoja na maelezo ya pembeni na nafasi zilizo wazi. Nafasi iliyo wazi ni habari pia, inaonyesha picha iliyotolewa. Kazi hii ni ya nusu saa kwa albamu ya kawaida, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mpangilio wa ukurasa mara nyingi ndio ushahidi pekee kwamba ile picha ya ufukwe usio na jina ilipigwa kati ya Voi na Malindi, na si miaka kumi baadaye.

Nyuma ya picha nako kunastahili kupigwa. Humo utakuta mhuri wa studio, maandishi ya kalamu, chapa ya mtengenezaji wa karatasi, na kwa picha za mwishoni mwa miaka ya 1980 kuendelea, mstari wa namba ndogo uliochapwa na mashine ya kusafishia, wenye namba ya picha kwenye mkanda. Mkanda wa milimita 35 kwa kawaida ulikuwa na picha 24 au 36. Ukizipanga kwa namba hizo, safari inajipanga yenyewe, na unajua ngapi hazipo.

Tarehe zina mitego. Picha za Kodak za miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi zina mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe, lakini huo ni wakati wa kusafishwa. Mkanda uliweza kukaa ndani ya kamera kutoka Idi hadi Idi. Tarakimu za rangi ya chungwa kwenye pembe, za kamera za miaka ya 1980 na 1990, zilitoka kwenye saa ndogo iliyorudi mwanzo kila betri ilipobadilishwa. Mpangilio wake pia ulibadilika kwa chaguo la mwenye kamera, hivyo "7 8 91" inaweza kuwa Julai au Agosti. Umbo nalo husaidia: picha ya mraba ya sentimita 9 kwa 9 yenye ukingo mweupe mara nyingi ni ya kamera za Instamatic, zilizoanza mwaka 1963.

Kisha soma kilichomo. Ndege yenye jina la East African Airways haiwezi kuwa ya baada ya 1977, mwaka shirika hilo lilipovunjika na Kenya Airways na Air Tanzania zikaanza. Treni ya TAZARA ni ya katikati ya miaka ya 1970 kuendelea, kwani reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Nairobi yenye mnara wa KICC uliokamilika ni ya 1973 au baadaye. Mombasa, daraja la kuelea la Nyali lilitumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa 1980, na anayevuka Kilifi kwa feri amepigwa kabla ya daraja la 1991. Watu waliosimama kwenye sitaha ya MV Bukoba wako kabla ya Mei 21, 1996, siku meli hiyo ilipozama. Bango au mhuri wa Zaire unakuweka kati ya 1971 na 1997. Ushahidi wa aina hii ni mzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, hata ya aliyekuwepo.

Mtego mwingine ni wa kwetu hasa. Studio nyingi za pwani, na vibanda vya wapiga picha pale Likoni feri, vilikuwa na pazia lililochorwa ndege, meli, majiji ya ng'ambo au Makka. Babu aliyesimama mlangoni mwa ndege huenda hakutoka Mombasa siku hiyo. Tazama kivuli cha miguu, mkunjo wa kitambaa pale ukuta unapokutana na sakafu, na mwanga wa flashi usoni wakati "jua" liko nyuma. Andika "studio, pazia la ndege". Maelezo hayo yana thamani yake, kwa kuwa yanasema alitaka kuonekana akienda wapi.

Hakikisha pia picha haijageuzwa. Negativu, yaani kipande cha mkanda ambacho picha hutolewa kwacho, ikiwekwa kinyume kwenye mashine, picha hutoka kama ya kwenye kioo. Soma mabango, angalia magari yanapita upande gani, na vifungo vya shati la mwanamume, ambavyo huwa upande wake wa kulia.

Albamu za gundi, vioo na picha zilizoshikana

Albamu iliyoharibu picha nyingi kuliko zote ni ile ya kurasa ngumu zenye mistari ya gundi na karatasi ya nailoni juu, iliyopendwa sana miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake hugeuka njano na kukakamaa, na nailoni yake mara nyingi ni PVC, plastiki inayotoa asidi na mafuta yanayohamia kwenye picha. Funua nailoni polepole, ukiilaza nyuma sambamba na ukurasa badala ya kuivuta juu. Jaribu kwanza picha isiyo na thamani kubwa. Kama pembe inainuka, chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha wala rangi, uupitishe chini ya pembe, kisha uusogeze kama unasaga kwa msumeno, huku uzi ukigusa ukurasa na si mgongo wa picha. Anza kwenye pembe isiyo na sura ya mtu. Vipande vya gundi vilivyobaki mgongoni viache vikauke, weka kipande cha karatasi ya kuokea nyuma yake, usikwangue.

Mashine ya kukaushia nywele inashauriwa mitaani, nasi tunaikataa. Joto hulainisha gundi, lakini hulainisha gelatini pia, na picha ikiinuka wakati huo inapinda na kupasuka usoni. Gundi ikikataa kabisa, kata ukurasa wenyewe kuizunguka picha kwa wembe na rula, uhifadhi picha pamoja na kipande chake cha karatasi. Haipendezi machoni, ila picha iko salama. Albamu za zamani zaidi, zenye kurasa nyeusi na pembe ndogo za kushikilia picha, ziache zilivyo. Weka tu karatasi laini isiyo na asidi kati ya kurasa.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isivutwe kwa namna yoyote. Gelatini iliwahi kulowa unyevu, ikalainika na kushika kioo. Ukivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Iskani kupitia kioo hicho hicho, baada ya kukisafisha upande wa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uihifadhi na kioo chake.

Rundo la picha za rangi lililoshikana baada ya mafuriko au bati kuvuja linaweza kutenganishwa kwa maji, lakini kwa masharti. Ziwe picha za karatasi yenye tabaka la plastiki, yaani karibu zote za rangi tangu miaka ya 1970. Zisiwe na ukungu, kwa sababu ukungu hula gelatini na kuifanya iyeyuke majini. Zisiwe Polaroid. Na wino wa nyuma uwe umeshapigwa picha. Tumia maji safi, ya baridi au ya kawaida, kamwe si ya moto. Zitumbukize, subiri dakika 20 hadi 30, jaribu kuzitelezesha pembeni bila kuzibandua. Zikikataa, ongeza muda. Zianike moja moja, uso juu, kwenye wavu wa plastiki kivulini.

Ukungu wenyewe, zile nukta za kijivu au mtandao mweupe, usifutwe ukiwa mbichi, utausukuma ndani. Tenga picha, zikaushe kwa siku kadhaa mahali penye hewa, kisha piga brashi laini nje ya nyumba ukiwa na barakoa. Maji, spiriti na dawa za kusafishia vioo havina nafasi hapa. Vumbi huondolewa kwa pampu ndogo ya mpira na brashi, basi.

Kama negativu zipo, zina cheo kikubwa zaidi

Picha iliyosafishwa ni nakala. Mashine ilikata kingo, ikaamua mwanga kwa wastani, ikapoteza mawingu. Negativu ina vyote hivyo. Kabla ya kutumia wiki nzima kwenye albamu, pekua bahasha za studio. Zile zilizotupwa chini ya droo mara nyingi zina mkanda mzima, pamoja na picha ambazo hazikuwahi kusafishwa.

Nusa bahasha. Harufu ya siki maana yake plastiki ya mkanda imeanza kuoza, na mvuke huo unaambukiza mikanda jirani. Itenge, na iwe ya kwanza kuskaniwa, kwa sababu baada ya harufu hufuata kujikunja na kukatika. Shika kingo tu. Ule upande usiong'aa ndio wenye picha.

Na mkanda ambao haukusafishwa kabisa? Mkanda wa kawaida wa negativu za rangi wenye alama ya C-41, mchakato ulioanza 1972, bado unasafishwa leo, japo rangi zitakuwa dhaifu. Kodachrome, mkanda wa slaidi wa Kodak, ni hadithi nyingine: maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho Desemba 30, 2010. Ukiokota mmoja ambao haujasafishwa, utapata nyeusi na nyeupe tu.

Kuskani

Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Unapata takriban pikseli 2,400 kwa 3,600. Mashine za kusafishia picha hazikuweka undani mwingi zaidi ya nukta 300, hivyo 1,200 itakujazia diski bila kuongeza chochote, isipokuwa kwa vile vijipicha vidogo vya nyeusi na nyeupe vya sentimita 6 kwa 6. Negativu ya milimita 35 inahitaji 2,400 hadi 4,000 za kweli, na skana yenye taa kwenye mfuniko. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha la skana ya mezani haifikiwi na lenzi yake.

Skana nyembamba zinazochukua umeme kwa waya wa USB huona vizuri kile kinacholala kabisa kwenye kioo. Picha iliyojikunja kidogo tu inatoka na ukungu katikati. Zile nene, za lenzi na taa, zinavumilia. Mashine za ofisini zinazovuta karatasi zenyewe zisiguse picha ya zamani. Punje moja ya mchanga kwenye roli yake huchora mstari kwenye kila picha inayofuata.

Zima kila kitu chenye neno la kiotomatiki: rangi, ukali, kuondoa vumbi. Kuondoa vumbi kwa infraredi hufanya kazi kwenye negativu za rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe fedha huzuia infraredi, na programu huanza kufuta nywele na nyuzi za nguo ikidhani ni uchafu. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza undani. Kwa picha iliyogeuka nyekundu, chagua biti 48 badala ya 24, yaani hatua nyingi zaidi za kila rangi, na sababu ni ya hesabu. Sayani ndiyo inayozuia mwanga mwekundu. Ikiisha, sehemu nyeusi kabisa ya picha, ambayo ingesomeka karibu 15 kwenye chaneli nyekundu (0 ni giza kabisa, 255 ni mwanga kamili), inasomeka labda 110. Kurekebisha ni kusogeza kitelezi cheusi cha chaneli hiyo hadi 110, ukivuta hatua 145 zilizobaki zijaze 255. Kwa biti 24 mbingu itatoka na mistari kama ngazi, kwa biti 48 itatoka laini. Baada ya hapo tazama chaneli ya buluu. Kama weupe wake unaishia 200 kwa sababu karatasi imeingia njano, sogeza kitelezi cheupe hadi hapo. Marekebisho hayo mawili hurudisha sehemu kubwa ya rangi. Yafanye kwenye nakala, faili ya kwanza ibaki na wekundu wake.

Karatasi ya miaka ya 1970 yenye vijinundu vya hariri husumbua, kwa kuwa taa ya skana inatoka upande mmoja na kila kinundu kinarudisha nukta nyeupe. Iskani mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha nyuzi 180, kisha changanya faili hizo mbili nusu kwa nusu. Simu, kwa upande wake, inafaa kwa orodha. Ukilazimika kuitumia, simama kwenye kivuli cha wazi, zima flashi, tumia lenzi ya kuvuta mara 2 na urudi nyuma, ili kingo zisipinde.

Kuzihifadhi, hasa pwani

Viwango vinavyotajwa ni unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 50 na joto la chini ya nyuzi 20. Kwa joto, Nairobi inaweza kukaribia. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu huanza karibu asilimia 65. Huhitaji chumba cha makumbusho. Kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira na alama ya pembetatu yenye namba 5 linatosha, na namba 2 pia ni salama. Namba 3 ni PVC, iache dukani. Ndani weka gramu 100 hadi 150 za silika jeli kwa kontena la lita 10, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Kikishuka chini ya 30, punguza silika, kwani gelatini iliyokauka kupita kiasi hupasuka. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ioke kwa nyuzi 120 saa mbili au tatu. Usifungie kontena siku ya mvua, utafunga unyevu ndani.

Kontena likae mbali na sakafu na ukuta wa nje, na lisikae darini. Nafthalini isiingie. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polipropilini au poliesta. Mshono wa bahasha usiguse uso wa picha. Andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha. Mgongoni mwa picha za karatasi ya zamani tumia penseli laini. Kwenye mgongo wa plastiki penseli haishiki na kalamu ya bolpeni inachubua hadi mbele, hivyo tumia kalamu ya wino wa pigimenti na uache ukauke kabisa.

Faili zipe majina yanayojipanga yenyewe: 1978-08_Kilifi_alb02_uk05_03. Usipojua mwezi, 1978-00. Usipojua mwaka, 197x. Majina ya watu, kutoka kushoto kwenda kulia, yaandike ndani ya faili kwenye sehemu ya maelezo ya IPTC, yaani nafasi ya maandishi iliyomo ndani ya faili ya picha, kwa sababu daftari la pembeni hupotea. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Na ukituma kwa ndugu ili wakutajie majina, tuma WhatsApp kama dokumenti. Ukituma kama picha, inabanwa, na maelezo uliyoandika ndani yake yanafutwa njiani.